Vitu Vyako Vyakaa Wapi?

Mteja akiniletea simu siku hizi, kabla sijashika bisibisi namuuliza, "Vitu vyako vyakaa wapi?" Wapo wanaodhani nauliza mtaa. Ninachouliza ni picha zao, majina ya watu wao, madeni wanayodai, meseji, na sauti za wazee wao zilizorekodiwa: vimo ndani ya laini, vimo ndani ya simu yenyewe, au viko mbali kwenye mitambo ya wenye programu? Wengi hunyamaza kidogo, kisha husema hawajui. Hata mimi sikujua. Nilianza ufundi simu mwaka 2007, na ilinichukua miaka saba kujifunza kuuliza swali hilo. Aliyenifunza ni mama mmoja muuza nazi wa Kongowea, na gharama ya somo aliibeba yeye.

Nilianzia kwa ami yangu, kwenye kibanda cha meza moja katika kichochoro kinachotokea Digo Road. Ami alikuwa fundi wa redio na saa tangu sijazaliwa, na simu zilipokuwa nyingi mjini akahamia huko. Alinichukua kwa sababu ya wateja wa kike. Mwanamke wa Mombasa huwa na picha za harusi ndani ya simu yake, za ukumbini penye wanawake peke yao, hana buibui wala mtandio, amepakwa hina na piko mpaka viwikoni, na hataki mwanamume asiye wake azione. Wakati huo simu zenye kamera zilikuwa zimeshaingia mitaani. Akina mama walikuwa wakipita meza nne tano za vijana wa watu, wakifika kwetu huuliza, "Yupo yule msichana?" Nimekula kwa amana hiyo mpaka leo, na ndiyo iliyonifanya nihangaike na yaliyomo ndani ya simu kuliko vioo na betri.

Simu nyingi nilizozikuta mezani kwa ami zilikuwa mulika mwizi, na mfalme wao alikuwa Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na tochi yake kichwani. Ndani yake mlikuwa na saa ya kuamsha, kikokotoo na mchezo wa nyoka, na basi. Hizo nazo ni programu, ingawa hakuna aliyeziita hivyo. Zilitiwa kiwandani, zikazaliwa na simu na kufa nayo. Hukuweza kuongeza ya pili wala kuitoa iliyomo. Nyoka huyo alikuwa ameanza na Nokia 6110 mwishoni mwa mwaka 1997. Hata simu ya IBM iliyoitwa Simon, iliyouzwa Marekani mwaka 1994 ikiwa na kioo cha kugusa, ilikuja na kalenda yake, daftari la anwani na kikokotoo vikiwa vimo tayari. Kwa hiyo aina ya kwanza ya programu, na ya kale kuliko zote, ni ile uliyoikuta ndani ya nyumba siku ulipohamia.

Majina ya watu yalikuwa yakikaa kwenye laini. Laini ya kawaida ilibeba majina 250, na mtu akibadili simu kazi yake ilikuwa kuchomoa kile kipande mithili ya ukucha na kukitia kwenye simu nyingine, akawa amehama na jamaa zake wote. Sijaona tena namna ya kuhama iliyo nyepesi kama ile.

Halafu, Machi 2007, ikaja M-Pesa. Nilikuwa na wiki chache tu kazini, na watu walikuwa wakija kuuliza kwa nini menyu haionekani kwenye simu zao. Jibu lilikuwa kwamba programu ile ilikaa ndani ya laini, na laini nyingi za zamani hazikuwa nayo, kwa hiyo ilibidi zibadilishwe. Ndiyo maana ilifanya kazi hata kwenye mulika mwizi isiyo na kioo cha rangi. Nikiwasikia watu leo wakisimulia historia ya programu za simu kana kwamba ilianzia kwenye simu za kupapasa, huwakumbusha kwamba programu iliyogeuza maisha ya nchi hii haikuhitaji kioo kikubwa wala intaneti.

M-Pesa ilinionyesha jambo jingine ambalo sikulielewa sawasawa wakati ule. Jirani yetu mmoja alidondosha simu yake baharini akivuka feri ya Likoni, akaja kibandani akilia kwamba pesa yake ya kodi imezama. Ami akampeleka kutengenezewa laini nyingine yenye namba ileile, na jioni akarudi anacheka, pesa yote ipo. Ami akaniambia, "Mwanangu, ile menyu ni mlango tu. Chumba kiko kwingine." Nikaitikia bila kuyatia maanani. Lau ningeyashika maneno yale siku ile, nisingemtia hasara mama wa watu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya faili za jar, vifurushi vya michezo na programu za simu za wakati ule, na niliipenda kazi kuliko wakati wowote. Simu zikaanza kukubali programu kutoka nje. Kijana akija anataka mchezo wa mpira au kamusi, tulikuwa tukiupakua kwenye kompyuta ya saiba, tunautia kwenye kadi ya memori au tunamrushia kwa Bluetooth. Kila simu ilikuwa na tabia yake. Zipo Nokia zilizokuwa hazipokei faili ya kuzidi kilobaiti 64, kwa hiyo mchezo ulioingia kwenye simu ya dada haukuingia kwenye ya mdogo wake. Zile za mfumo wa Symbian zilikuwa na ukaidi mwingine: ukitia programu ya zamani zinakwambia cheti chake kimekwisha muda. Dawa yake ilikuwa kuirudisha tarehe ya simu nyuma mwaka mmoja au miwili, kuiingiza programu, kisha kuirekebisha tarehe. Nimefanya hivyo mara nyingi hata vidole vilijua njia bila macho.

Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilitua hapa kwetu, TEAMS kutoka Fujairah kule Falme za Kiarabu, na SEACOM iliyoanza kazi mwezi Julai. Kabla yake nchi ilikuwa ikitegemea setilaiti kwa intaneti ya nje. Tuliona fahari kwamba intaneti ya Kenya inaingia nchini kwa kupitia Mombasa. Kijana wa mezani alikuwa ameshakizoea kivinjari cha Opera Mini, ambacho kurasa zake zilipitia kwanza kwenye mitambo ya kampuni hiyo zikabanwa, ndipo zikaletwa simuni zikiwa nyepesi. Hapo tena mlango ulikuwa mkononi na chumba mbali, wala sikuona.

Huko nje duka la programu la Apple lilikuwa limeshafunguliwa tarehe 10 Julai 2008 na programu 500, na la Android likafuata Oktoba mwaka huohuo, ambalo mwaka 2012 liliitwa Google Play. Kwetu kichochoroni mambo hayo yalifika na Ideos mwaka 2011, simu ndogo ya Huawei iliyouzwa kwa shilingi elfu nane hivi. Ghafla programu zikawa hazipiti tena mikononi mwa fundi. Mtu anajipakulia mwenyewe, mradi ana bando na akaunti ya barua pepe.

Hapo kwenye akaunti ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na nalisema wazi kwa sababu mafundi wengi tulilifanya na wachache husema. Wateja wangu hawakuwa na barua pepe na hawakutaka kusumbuliwa na nywila. Basi nilifungua akaunti moja ya Gmail, nikawa naitia kwenye simu ya kila anayekuja. Ilikuwa haraka, na kila mmoja aliondoka na WhatsApp yake inafanya kazi. Baada ya muda akaja bwana mmoja wa Majengo. "Dada, simu yangu ina majina nisiyoyajua. Nani huyu Mama Swaleh? Nani Daktari wa Meno?" Kesho yake akaja mwanamke mwingine na maneno hayohayo. Majina yao waliyoyahifadhi yalikuwa yanapanda kwenye akaunti yangu na kushukia simu za wenzao. Wake za watu, namba za wakwe, namba za watu wa siri, vyote vikachanganyika kama mchele na chuya. Nilikesha siku tatu nikiwapigia wateja niwarudishe mmojammoja, nikawafungulia kila mtu akaunti yake na kumwandikia nywila kwenye karatasi aiweke nyumbani. Sikuwapata wote.

Ungedhani hilo lingenitosha. Nililiona kama kosa la akaunti tu. Sikuona bado kwamba aina ya programu ndiyo inayoamua kitu chako kitakaa wapi.

Mwaka 2014, siku moja baada ya adhuhuri, akaja huyo mama wa Kongowea. Alikuwa akiuza nazi kwa jumla. Zinakuja kwa lori kutoka Kwale na Kilifi, naye anawagawia wapishi wa wali, wauza mahamri na mahoteli madogo ya pwani ya kaskazini, wengi kwa mkopo. Simu yake ya Android ilikuwa imeganda. "Yawaka, yafika kwenye jina lake, hapo hapo yakwama," akaniambia. Nikamwambia, "Niachie mama, pitia baada ya Alasiri."

Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi. Nilibana kitufe cha sauti ya juu pamoja na cha kuwashia, ikatokea menyu ya herufi ndogo, nikashuka mpaka mstari wa kufuta kila kitu, nikathibitisha. Mistari minne mitano ikapita kiooni. Simu ikajiwasha upya, safi kama iliyotoka dukani, ikanikaribisha kwa lugha ya Kiingereza. Nilifurahi. Mama alipokuja akaiona inawaka, akashukuru Mungu, akanilipa, akaenda zake. Hakufika mbali. Nilimwona akirudi kwa mwendo wa polepole, simu ameishika kwa mikono miwili.

"Fundi, daftari langu li wapi?"

Mpwawe alikuwa amemtilia programu ya kuandikia, yenye alama ya njano, naye kwa miezi minane alikuwa akiandika mle kila nazi iliyotoka kwa mkopo. Alikuwa ameacha daftari la karatasi kwa sababu lilikuwa likilowa. Programu ile ilikuwa ya namna ya kuweka kila kitu ndani ya simu peke yake. Haikutaka akaunti, haikutaka intaneti, haikuwa na nakala popote. Kwa macho ya leo ningesema ilikuwa programu njema, isiyomchunguza mtu. Lakini chumba chake kilikuwa ndani ya nyumba niliyoibomoa kwa mkono wangu.

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Mimi nilijua itarudi. Simu yangu ilipoibiwa mwaka juzi, pesa yangu ya M-Pesa ilirudi yote."

Hakuwa mjinga. Alikuwa amejifunza kutoka kwa programu moja jinsi programu zinavyofanya, akaipima nyingine kwa kipimo hicho. Na hakuna mtu, wala mpwawe, wala duka la programu, wala mimi niliyekuwa nalipwa kwa kazi hiyo, aliyemwambia kwamba kuna za aina ile na kuna za aina hii.

Tulikaa pale mpaka magharibi. Kilichotuokoa kidogo ni laini: majina 112 yalikuwa yamehifadhiwa humo tangu zama za mulika mwizi, na hayo sikuyafuta. Nikawa namsomea jina mojamoja, naye anafumba macho anakumbuka. "Mama Kaimati, nazi arubaini. Huyo wa Mtopanga amelipa. Mpishi wa Bamburi, andika sitini, hapana, sabini." Mimi naandika kwenye daftari la mraba la watoto wa shule. Alikadiria kwamba alikuwa anadai shilingi 46,000. Tulipomaliza tulikuwa na 29,000 za kukumbukwa. Kisha akaanza kuwapigia. Wengi walikiri, Mungu awabariki. Mmoja wa Utange alimjibu, "Mama, mimi nilishalipa, hebu tazama daftari lako."

Nilimlipa shilingi elfu tatu kwa mwezi kwa miezi minne. Alizipokea, na nilifurahi kwamba alizipokea.

Usiku ule nilichukua karatasi nikachora safu tatu: laini, simu, mbali. Nikaanza kuzipanga programu zote nilizokuwa nazijua. Mchezo wa nyoka, simu. Menyu ya M-Pesa, mlango kwenye laini na pesa mbali. Namba za kubonyeza nyota na alama ya reli, hizo hazina chumba simuni kabisa. Ukikata, hakibaki kitu. Facebook, mbali. Kurani ya kusoma, simu. Kikokotoo, simu, na hakina cha kupotea. Nilivyozidi kuandika ndivyo nilivyoona jambo: kila miaka michache vitu vyetu vilikuwa vimesogea mbali zaidi na mkono. Vilianza kiwandani ndani ya simu, vikaenda kwenye laini, vikaja kwenye kadi ya memori, kisha vikaenda kwenye mitambo ya nchi nyingine ambayo hatutaiona.

Duka la programu lina mpango wake. Utakuta makundi ya fedha, mawasiliano, michezo, elimu, afya. Huo ni mpango wa rafu, kama vile pale Marikiti viungo vinavyokaa upande wake na matunda upande wake, ili mnunuzi asipotee. Hausemi bidhaa inaozaje. Programu ya daftari ya yule mama ilikuwa rafu moja na nyingine ambazo zingemrudishia kila nazi yake.

Wahandisi nao wana mpango wao, na huo naupenda zaidi. Wanazo programu asili, zilizoandikwa kwa ajili ya mfumo fulani wa simu, za Android mbali na za iPhone mbali; wanazo za wavuti, ambazo kwa kweli ni kurasa za intaneti zinazofunguliwa na kivinjari; na wanazo mseto, ukurasa wa wavuti uliovishwa joho la programu asili. Apple wenyewe, walipotoa iPhone mwaka 2007, waliwaambia watengenezaji wa nje watumie za wavuti, na duka likaja mwaka mmoja baadaye. Mteja hana haja ya maneno hayo, lakini ipo njia ya kuzipima mbele yake kwa nukta chache. Zima data. Zima na waifai. Fungua programu. Ikifunguka na vitu vyako vyote ukaviona, kuna kilichohifadhiwa simuni. Ikifunguka tupu, au ikizunguka tu kama tiara isiyo na upepo, ulichonacho ni mlango. Si kipimo kamili, maana zipo zinazoweka kivuli cha vitu simuni na asili yake ikawa mbali. Ila mtu akishakiona kwa macho yake, haambiwi mara ya pili.

Iliyonipa kazi zaidi ni WhatsApp, kwa sababu imekaa safu zote tatu. Namba yako iko kwenye laini. Meseji zako ziko ndani ya simu. Kampuni ikishazifikisha haziweki, ingawa wateja wengi huapa kwamba zimehifadhiwa huko. Na nakala yake kwenye Android hutengenezwa kila siku saa nane usiku, ndani ya simu hiyohiyo; kuipandisha Google Drive, ghala la Google lililo mbali, kulianza mwaka 2015, nako ni mpaka mwenyewe ukuwashe. Binti mmoja wa Kibokoni aliniletea simu iliyolowa, ndani yake sauti za marehemu bibi yake akimsomea dua. Nakala haikuwa imewashwa. Nilikaa na simu ile siku tisa, nikiikausha, nikibadilisha betri, nikisafisha bodi kwa spiriti na mswaki, na siku ya tisa ikawaka kwa dakika ishirini. Tukaziondoa sauti kwanza, kabla ya chochote. Nasema hili kwa sababu mafundi huwa tunakimbilia kuponya simu, na mara nyingi simu si kitu.

Kuna upande wa pili wa swali langu, nao ni nani mwingine ana ufunguo wa chumba. Tochi ya mulika mwizi haikumuuliza mtu jina lake. Zilipokuja simu zisizo na kitufe cha tochi watu wakapakua tochi dukani, na mwaka 2013 tume ya biashara ya Marekani ilimchukulia hatua mtengenezaji wa tochi moja iliyokuwa kwenye simu za mamilioni ya watu, kwa sababu ilikuwa ikiwapelekea wauza matangazo habari za mahali mwenye simu alipo. Tochi! Wakati huo kwenye Android ulikuwa unakubali ruhusa zote kwa pamoja unapopakua, au unaacha. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 simu inakuuliza ruhusa mojamoja unapozifikia. Ni heri kubwa, lakini wangapi husoma? Kidole kimeshazoea kubonyeza kukubali.

Mwaka 2019 alikuja ustadh mmoja wa madrasa, kijana mpole, akasubiri mpaka wateja wote wameondoka. Alikuwa amekopa shilingi elfu tatu kwenye programu ya mikopo, mke wake alipokuwa hospitali, akachelewa kulipa siku tisa. Wale watu wakaanza kuwapigia waliomo kwenye orodha yake ya majina. Walimpigia baba mkwe wake. Waliwapigia wazazi wa watoto anaowasomesha, wakawaambia mwalimu wenu ni mdaiwa asiyelipa. Mzazi mmoja alimhamisha mtoto. "Dada," akaniambia kwa sauti ya chini, "nifutie hii kitu."

Nikamfungulia ukurasa wa ruhusa kabla ya kufuta. Majina, imeruhusiwa. Meseji, imeruhusiwa. Nikamweleza kwamba programu za mikopo husoma meseji za M-Pesa ili kupima kipato cha mtu, na kwamba orodha ya majina ilikwenda kwao siku ya kwanza alipobonyeza kukubali. Nikaifuta, ikatoka kwenye kioo. Akaniuliza, "Na majina yatafutika huko kwao?" Sikuweza kumdanganya. Kufuta programu ni kung'oa mlango tu. Vilivyokwisha kuingia chumbani vimebaki na mwenye chumba.

Mwishoni mwa mwaka huohuo nchi ilipata sheria ya kulinda data za watu. Mwaka 2022 Benki Kuu ikatoa kanuni za kuwapa leseni wakopeshaji wa simu, na tangu tarehe 31 Mei 2023 Google hairuhusu programu za mikopo binafsi kuchukua majina na picha za mtu. Mambo hayo yamesaidia. Malalamiko ya aina ile yamepungua mezani kwangu. Ustadh yule aliyapata yote amechelewa.

Ami hatoki tena nyumbani siku hizi, na kibanda ni changu. Nina msichana ninayemfundisha, naye nimempa ile karatasi ya safu tatu aidurusu kabla ya kumfundisha kushika chuma cha kulehemu.

Mwezi uliopita mama wa nazi alikuja, na simu mpya kwenye boksi. Sasa ana duka, na mjukuu wake amemshauri atie programu ya hesabu za biashara. Alikuwa na daftari la karatasi ndani ya mkoba wake, limefungwa kwa mfuko wa plastiki lisilowe. Hakunipa simu. Akaishika mwenyewe, akaniuliza, "Hii yakaa wapi?"

Nikamwambia, tuipime. Akazima data mwenyewe, akabonyeza, tukangoja. Ikafunguka, na jina la kwanza alilokuwa ameandikiwa na mjukuu wake likaonekana: Mpishi wa Bamburi, nazi sabini.

"Na simu hii ikifa?"

"Iko nakala mbali, mama. Nimeiona hapa, imewashwa. Inapanda kwenye akaunti."

"Akaunti yangu au yako?"

"Yako."

"Na nywila yake nani anayo?"

Nikamtazama, nikamrudishia swali. Akafikiri, akatikisa kichwa. "Mimi sinayo. Anayo yule mtoto, naye yuko Nairobi."

Nikaweka bisibisi chini, nikamvutia kiti. "Basi mpigie kwanza," nikamwambia, na yule msichana wangu akaenda kutafuta karatasi na kalamu.